Mafuta ya Samaki Yamenipokonya Futi ya Fundi

Ndugu Mfamasia,

Basi nikasubiri wiki tatu kama ulivyoniagiza, na tofauti nimeiona. Ndiyo maana nakuandikia kwa masikitiko, ingawa mimi ni bibi harusi wa miezi miwili na masikitiko bado sijayazoea.

Utanikumbuka. Ni yule aliyekuganda kaunta akiuliza kipi bora kwa ubongo, vidonge vya majani ya ginko au vya mafuta ya samaki. Ulinijibu kiungwana kwamba hakuna kilichothibitika sawasawa, nami nikanunua vyote. Mume wangu, kipenzi cha roho, ni fundi cherehani mwenye mkono wa dhahabu, ila vipimo vyangu havikumkaa kichwani. Wifi ndiye aliyenitisha: "Mtibu mapema, shauri yako, atasahau hata jina lako!"

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kabla ya vidonge, gauni moja alinipima mara sita. Kiuno kabla ya chai, kiuno baada ya chai. Futi inazunguka, anahesabu taratibu karibu na sikio langu, anakosea, anaanza upya. Nani angemharakisha?

2. Siku kumi za majani alisahau vizuri tu. Nakipongeza sana kidonge hicho.

3. Tukaingia kwenye samaki. Siku ya tatu nimesimama mbele yake, mikono juu, nikaambiwa, "Usijisumbue mke wangu, ninavyo kichwani." Akakata kitambaa. Gauni limenikaa barabara. Nimelia nikiwa ndani yake.

4. Nikala kwa bidii ili vipimo vibadilike. Akanitazama kutoka mlangoni, akasema nimeongezeka nusu inchi. Ilikuwa nusu inchi.

Kwa hiyo naomba vya samaki uviondoe rafuni, au angalau ubandike onyo: visitumiwe na waume wapya.

Nisalimie wasaidizi wako wote, na yule mama mcheshi anayepima presha.

Wako katika ndoa na majonzi,
Mke wa Fundi

N.B. Mume wangu ameisoma barua hii nikiwa napiga pasi, akacheka hadi akakalia nguo za wateja. Anasema vipimo vyangu anavijua tangu siku ya kwanza nilipoingia dukani kwake. Kusahau kilikuwa kisingizio, na aliponiona nimehangaika hadi kuhamia vidonge vya pili akaona haya kuendelea. Usiondoe chochote. Sasa hivi ananiita, eti mabega yana utata. Tutakuja wote wawili kukuomba radhi kabla mwezi haujaisha.