Viazi vya Fabiola na Solo Yangu

Jumanne, 10 Agosti 2004. Ukungu mzito Dongobesh. Baridi ya kukunja vidole.

Jana mazoezi ya kwaya yalikuwa kwa Fabiola. Chai na viazi vitamu vya kuchemsha, kama kila nyumba. Nilikula vitatu. Mwalimu Sulle akainua mkono tunyamaze, niingie na solo. Tumbo likaingia kabla yangu. Besi nzito! Wanaume wakaanza kutazamana. Fabiola akasema, kwa upole wake ule, kwamba labda dada Letisia anaumwa, solo ya Jumapili, Sikukuu ya Kupalizwa Mama Maria, apewe mwenye afya. Yaani yeye! Mwalimu akasema ataamua Jumamosi.

Solo ni yangu. Naifanyia kazi tangu Pasaka.

Jumatano, 11 Agosti. Ukungu tena.

Zahanati. Nesi Imakulata akaniuliza nilikula nini kila tumbo lilipojaa gesi. Viazi vitamu. Viazi vitamu. Viazi vitamu! Akasema sijarogwa, wapo watu ambao matumbo yao hayapatani navyo. Niviache mpaka tumbo litulie, kisha nijaribu kipande kidogo, nione naweza kiasi gani.

Nikamwuliza, na kwa majirani je? Hapa kwetu ukikataa sahani ya mtu, umemwambia mbele za watu kwamba unaogopa mkono wake. Akacheka, akasema niwaambie ukweli tu. Ukweli! Fabiola asikie nina tumbo bovu? Thubutu.

Alhamisi, 12 Agosti. Jua kidogo.

Mazoezi kwa Bibi Qamara. Shikamoo, marahaba, kaa mjukuu wangu, kula. Nikakaa karibu na mlango. Mpango: kila kipande kinaelekea mdomoni, kinaishia kwenye mkunjo wa kitenge. Sikukumbuka kwamba vimetoka jikoni sasa hivi. Mapaja yangu! Niliruka katikati ya wimbo. Bibi akapiga vigelegele, akidhani wimbo umenigusa.

Kipande kikaanguka. Fabiola akakiokota, akakiinua juu wote wakione. "Dada, hata mkono wa bibi unauogopa?"

Bibi akaacha kutafuna. Nilimwona akiumia, mzee wa watu.

Nikasema nimeweka nadhiri. Kwa heshima ya Mama Maria sili viazi mpaka Jumapili, na nilificha nisionekane najionyesha. Sijui maneno yalitoka wapi! Bibi akafuta machozi, akanibariki. Mwalimu Sulle akatangaza kwamba kwaya nzima inafuata nadhiri ya Letisia, na kesho mazoezi ni kwa Fabiola, atupikie makande. Fabiola ameshachimba gunia zima la viazi. Uso wake!

Jumamosi, 14 Agosti. Baridi, anga safi.

Mwalimu akainua mkono. Tukanyamaza. Tumbo kimya kama kanisa tupu. Nikaimba. Solo ni yangu! Fabiola akasema hongera huku akitazama dirishani.

Jumapili, 15 Agosti. Jua kamili.

Nimeimba mpaka padre akasahau kukaa. Akina mama walinizunguka uwanjani, Bibi Qamara akanishika mkono kama bibi harusi. Fabiola akatualika kwake tufungue nadhiri. Viazi vya kuchoma, gunia zima. Wakasema mwenye nadhiri aanze.

Nikafikiri kwa utaratibu. Nesi alisema kipande kidogo. Lakini tulizungumzia vya kuchemsha. Vya kuchoma havikutajwa kabisa! Jambo jipya linataka jaribio kamili. Nikala vinne. Fabiola akaniongezea cha tano, nikakipokea kwa mikono miwili, kama mshindi.

Mume wangu Tluway amehamia sebuleni na blanketi. Anasema trekta la mashamba ya Basotu lina kelele ndogo kuliko mimi. Nimeshagundua sababu: chai. Ilikuwa na maziwa mengi mno. Kesho naacha chai, na mwaliko wa Fabiola wa Jumatano nimeukubali.

Saa kumi kasoro robo alfajiri. Sasa ndipo nalala.