Kutekwa kwa Mtu Ambaye Hakuwepo

Jumatatu, tarehe 18 Machi 2019, saa sita kamili mchana, ndipo mambo yalipoharibika. Saa hiyo ilikuwa imetangazwa na Baraza la Kaunti yetu, huku kaskazini mwa Minnesota, kuwa Saa Rasmi ya Ukomo wa Vibanda. Kila mwenye kibanda cha kuvulia samaki juu ya ziwa lililoganda awe amekiondoa kabla barafu haijalainika. Kitakachokutwa kitavutwa. Tangazo lilibandikwa hata chooni kanisani, ili asiwepo wa kusema hakuliona.

Mvutaji aliyeteuliwa nilikuwa mimi, Arvid Rudquist, mgane, elimu darasa la nane, mwenye pikapu na mnyororo.

Kanuni za uvutaji ziliandikwa na Mheshimiwa Diwani Lyle Haugerud mwenyewe, tena kwa ajili yangu. Mwaka uliotangulia nilimwomba siku moja tu ya nyongeza, kwa kuwa siku ya ukomo ndiyo niliyokuwa namzika mke wangu, Verna. Kibanda kilikuwa chake. Alikipaka rangi ya njano, akakishonea pazia. Mheshimiwa alinisikiliza kwa masikitiko makubwa, kisha akaagiza kibanda kisagwe. Baadaye akaona kule kusikiliza kulimpotezea muda, ndipo ikazaliwa Kanuni ya Saba: mvutaji asisimame, asisikilize, asifungue.

Ni kanuni nzuri. Nimeisoma mara nyingi.

Basi siku hiyo ziwani kilibaki kibanda kimoja. Nikagonga. Nikajibiwa na mkoromo. Kanuni hazisemi lolote kuhusu mkoromo. Nikazungusha mkanda mlangoni usifunguke njiani, kama Kanuni ya Tatu inavyoelekeza, nikafunga mnyororo, nikaondoka na kibanda polepole, dirisha la pikapu wazi.

Kona ya kwanza tu, ukuta ukaanza kupigwa.

"We nani? Unanipeleka wapi?"

"Siruhusiwi kukujibu, bwana."

"Arvid? Ni mimi, Lyle. Hebu simama nivae suruali."

"Kanuni ya Saba, Mheshimiwa."

"Si nimeiandika mimi, bwana wee."

"Ndiyo. Umeiandika vizuri sana."

Akaupiga tena ukuta maili mbili nzima, nadhani akiitafakari.

Nilikishusha kibanda kwenye yadi ya kaunti, maili kumi na moja kutoka ziwani, nikapewa stakabadhi. Mheshimiwa alipita dirishani na soksi zake, akakimbia.

Kesho yake serikali ya jimbo ikanishtaki kwa utekaji nyara. Miaka ishirini. Mimi nina sitini na minane.

"Mzee wangu," akasema Bi Kirsti Oksanen, wakili niliyepewa bure, huku akimaliza biskuti zangu, "wana mambo matatu ya kuthibitisha. Kwamba ulimwondoa mtu mahali alipokuwa. Kwamba hakuridhia. Na kwamba ulimtakia mabaya. Ulimtakia?"

"Mwaka mzima, mama. Ila siku ile nilikuwa kazini."

"Hilo la mwaka mzima usilitaje."

"Sasa nitajitetea na nini?"

"Tutaanza na la kwanza. Alikuwa wapi?"

Mahakamani Mheshimiwa alipanda kizimbani kifua mbele, mkono mdomoni. Maneno yake yalitoka na upepo mwingi. Alieleza jinsi mtumishi wa umma alivyoburutwa kama gunia la viazi, mpaka mwendesha mashtaka akapangusa jicho.

Bi Oksanen akainuka na karatasi moja.

"Mheshimiwa, hii sahihi ni yako?"

"Ni yangu."

"Umejiandikisha Warsha ya Usalama wa Barafu, mjini St. Paul, tarehe 18 Machi, asubuhi hadi jioni. Na redioni ukatuhutubia kuhusu uliyojifunza huko. Mama yangu alilia."

"Ilikuwa warsha nzuri."

"Basi tusaidie. Saa sita mchana ulikuwa warshani, au ulikuwa umelala ziwani, ndani ya kibanda kilichopitisha muda uliouweka mwenyewe?"

Jaji akavua miwani. "Jibu, Mheshimiwa."

Mwendesha mashtaka alikohoa. Mheshimiwa akatazama dari, akawatazama wapiga kura wake waliojaa mabenchi, akatazama tena dari.

"Nilikuwa St. Paul."

"Kwa hiyo kibandani hukuwepo."

"Sikuwepo."

"Na asiyekuwepo hatekwi," akasema jaji, akaifuta kesi, akaenda kula.

Kibanda hakikupata mwenyewe. Kwa Kanuni ya Kumi na Mbili, kisipodaiwa kwa siku sitini ni cha mvutaji. Nimekipaka rangi ya njano. Pazia la Verna lilisalimika, lilikuwa nyumbani kwenye nguo za kufuliwa, nami nimelitundika.

Mheshimiwa bado anatuongoza. Kwenye chakula cha samaki kanisani anakaa meza kuu, anakunywa supu.

Limebaki jambo moja. Ndani ya kibanda, kando ya kitanda, nilikuta glasi ya maji. Nikajaza fomu ya vitu vilivyookotwa, nikaiwasilisha Baraza kwa nakala tatu, nikahudhuria vikao vinne. Kila kikao naiweka glasi mezani mbele ya Mheshimiwa, nauliza kwa adabu zote, naye anafunga mdomo na kuahirisha: haya meno ya bandia ni ya nani?