Suruali Niliyoichana Mwenyewe

Jumatatu, 3 Juni
Nimegundua siri ya machimbo haya ya Nyarugusu. Mwenye dhahabu hujifanya maskini. Tajiri mwenye duara la juu, shimo lenye dhahabu kuliko yote, anavaa suruali iliyochanika na kula dagaa, ndugu wasije kumganda. Sasa Mzee Masalu, baba yake Limi ninayetaka kumuoa, anataka mkwe mwenye uwezo. Mimi nina ng'ombe wanane tu kwetu Didia, na shikamoo yangu huiitikia kwa mguno. Nikizidi kujichakaza ataniona tajiri, na sitatumia hata senti.

Jumanne, 4 Juni
Nimejipaka tope la duara. Suruali nimeichana kwa wembe. Ndala moja nyekundu, nyingine bluu. Mzee Masalu akaniuliza kazi ikoje. Nikasema hakuna kitu, huku nikiangalia nyuma kama ninayefuatwa. Akanitazama sana, kisha akaagiza niletewe kiti.

Alhamisi, 6 Juni
Imekubali! Mama lishe Paskazia kanipa paja la kuku badala ya shingo. Ila Maduhu, mchimbaji mwenzangu, kaniuliza kwa nini nimeharibu suruali nzima. Ananichunguza huyu. Na mjomba kafika kutoka Didia, eti kunisalimia tu. Kaja na blanketi.

Jumamosi, 8 Juni
Mshenga wangu, Januari, karudi ameshika kichwa. Mzee anataka ng'ombe arobaini. Januari alipomwambia sina kitu, mzee akacheka, akasema ndivyo wanavyosema wenye nacho. Januari anasema wiki iliyopita, nikiwa bado kapuku, angepokea wanane wangu, maana Limi alikuwa akinililia. Limi, ananililia mimi! Nimekaa nyuma ya karasha, mashine ya kusaga mawe, nikalia na mimi.

Jumapili, 9 Juni
Nimekwenda mwenyewe kuapa kwamba mimi ni maskini wa kweli. Limi katoka, kaitazama suruali, kasema kama namficha leo, nikishamuoa nitamficha mangapi. Mzee kapandisha hadi hamsini.

Jumatano, 12 Juni
Limi kachumbiwa na Maduhu, kwa ng'ombe kumi. Alikwenda na shati jeupe, akasema wazi alicho nacho. Shati jeupe, kwenye tope hili? Nimewaza mchana kutwa, nimeelewa. Dhahabu anayo yeye, anaificha kwa kuvaa vizuri. Na Mzee Masalu ana binti mwingine, Klara. Kesho nauza ng'ombe watatu, nikanunue suti Masumbwe.

Mjomba anasema hana hata nauli ya kurudi Didia. Nimeanza kumtilia shaka.