Tab na Marwa Arobaini na Mmoja

Jumatatu, 3 Machi 2025
Tab imenigomea. Kompyuta yangu haina mausi, ni skrini nyeusi na maandishi tu. Naandika herufi chache za jina la picha, nabonyeza Tab, yenyewe inamalizia. Leo naandika Mar, inafika Marwa, inasimama. Inalia ti! Tatizo nalijua. Hapa Matongo kila nyumba ina Marwa, na mimi nimeshawapiga picha arobaini na mmoja, nikawapa namba; Tab haijui namtaka yupi. Sadock wa studio ya mbele kamwita mteja wangu, eti aende kwake, Ngeleja, yaani mimi, bado anatafuta. Fisi yule.

Jumanne, 4 Machi
Kaja mama mmoja, Teresia. Nikampa shikamoo. Mwanaye Marwa kafukiwa na kifusi kwenye shimo la dhahabu Jumapili. Picha yake ya pekee ni ile niliyompiga mwaka jana ya kitambulisho. Anataka ya kubandika msalabani, mazishi Alhamisi. Nikamwambia ipo, asiwe na wasiwasi. Na kweli ipo, nimeiona.

Jumatano, 5 Machi
Nimeitengeneza! Nimesoma kwenye simu, nikaongeza mstari mmoja kwenye mipangilio: Tab isisimame tena, ichukue jina la kwanza. Nani fundi? Kuijaribu, nikasema nifute Marwa mmoja aliyefumba macho. Futa, Mar, Tab, Enter. Kama risasi. Kuangalia, aliyefumba macho yupo. Wa Teresia, namba moja, hayupo. Nimetafuta mpaka jasho. Mashine hii ikifuta imefuta. Nikamfikiria Sadock akisikia. Nikachapa yule aliyefumba macho. Si msiba? Macho yanaendana.

Alhamisi, 6 Machi
Mazishini. Wenzake wa shimoni wakaitazama picha, wakatazamana. Nani amwambie mama wa watu? Teresia akaishika muda mrefu. Akanivuta pembeni.
"Mura, kijana wangu, siku nne tu, nimeshausahau uso wake?"
Nikamwambia ni majonzi, mama, utakurudia. Akanishukuru. Akaipangusa picha kwa kitenge, akaenda kuibandika.

Jumamosi, 8 Machi
Hakuna aliyelalamika. Aliyefumba macho ni mtu wa Genkuru, nasikia huku hapiti. Tab sasa ni tamu, ila Enter ndiyo inanichelewesha. Kutwa nasoma jinsi ya kufanya Tab ibonyeze na Enter yenyewe. Sadock bado anamuuliza kila mteja: Marwa yupi, wa mama nani? Atafika lini?