Bomba la Gracien, Umeme Wangu

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Gracien tena! Asubuhi, kwenye mkutano wa mradi wa maji, ametandaza mchoro wake mezani. Wa kompyuta. Una rangi. Wangu nimeuchora kwa kalamu, na kwenye kona kuna doa la mafuta ya samaki, mikeke wa kukaanga. Mama Generose, mkuu wetu wa kazi, ameutazama wake kwa muda mrefu, akitikisa kichwa kwa furaha. Wangu ameugeuzageuza akitafuta upande wa juu.

Kazi yenyewe ni bomba la chuma litakalozikwa kutoka Kavimvira hadi Luvungi. Chuma kikikaa ardhini, udongo unakila. Gracien anataka kufungia bomba vipande vya magnesiamu, viliwe vyenyewe, bomba lipone. Mimi nataka umeme wa sola: waya mmoja kwenye bomba, mwingine kwenye vyuma chakavu vilivyozikwa kando yake, ili viliwe hivyo chakavu. Umeme, jamani! Nani atashangilia vipande vinavyolala kimya ardhini?

Mama Generose ameamua tushindane. Kila mmoja amepewa kipande chake cha bomba hapa Kavimvira, na mpira katikati ili visigusane. Ijumaa vitapimwa. Atakayeshinda atakuwa mkuu wa michoro mpaka Luvungi. Cheo hicho ni changu. Nilikuwa hapa kabla Gracien hajajua kushika koleo.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Nimesema mbele ya wote kwamba magnesiamu ya Gracien itaibwa na kuuzwa. Hoja nzito! Gracien akajibu kwa upole (nauchukia upole wake) kwamba ameizika chini ya mboga, lengalenga za Mama Marie-Rose anayelima kando ya bomba, na huyo mama hata mbwa wanamwogopa. Wakacheka wote. Mama Generose alicheka mpaka akavua miwani. Mimi nikitania, huwa anaangalia saa.

Mchana nilipita huko kuhakikisha. Mama Marie-Rose alisimama na jembe lake, akaniuliza: «Weye, unatafuta nini mu lengalenga yangu?» Nikasema napita tu. Akanijibu kwamba njia iko kule.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Nimepata wazo! Nikivihamisha vyuma vyangu na kuvizika ng'ambo ya ua wa Mama Marie-Rose, karibu kabisa na bomba la Gracien, umeme utalivuruga. Vipimo vyake vitakuwa aibu. Na yeye leo yuko Bwegera, anapima udongo wa mashamba ya mpunga. Mungu hamtupi mja wake.

Wachimbaji waliuliza kwa nini tunahama shimo ambalo lilikuwa zuri. Nikawaambia ni hesabu. Hawakuniamini, lakini walichimba. Jioni nilikula kwa raha, nikaongeza ugali.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Nitaandika haraka, kabla hasira haijanimaliza.

Mama Generose alipiga magoti na kipimo chake. Sheria ni rahisi: kikisoma milivolti 850 kwenda juu, bomba liko salama. Chini ya hapo, linaliwa. Akaanza na kipande changu. 610! Bila shaka, vyuma vyangu nimevipeleka mbali. Hilo sikuwa nimelifikiria. Si neno, nikajisemea, ngoja tuone la Gracien.

1,900.

Watu wakapiga makofi. Umeme wangu! Sola yangu! Haukuvuruga kitu, umeingia kwenye bomba lake na kulikumbatia.

Mwingine angenyamaza, apokee sifa. Gracien akasema magnesiamu haiwezi kutoa nguvu hiyo, akaomba sola ifunikwe. Ikafunikwa turubai. Kipimo kikashuka mpaka 910. Bado inatosha! Hata bila mimi inatosha!

Hapo Mama Generose akaufuata waya wangu mpaka kwenye udongo mbichi, akauliza ni nani aliyezika vyuma mahali hapo. Wachimbaji wote wakanigeukia. Nikisema kweli, nafukuzwa leo leo. Nikasema niliona mwenzangu ana wasiwasi, nikaona nimsaidie nguvu kidogo. Maneno hayo sijui yalitoka wapi.

Mama Generose akafuta machozi. «Muone muntu iko na roho! Bomba yake inakufa na njaa, chakula anapelekea mwenzake!» Gracien akanikumbatia. Ananukia sabuni nzuri kuliko yangu. Kisha mama akatangaza: Gracien ndiye mkuu wa michoro, na mimi, kwa kuwa napenda sana kumsaidia, nitakuwa msaidizi wake. Na kesho nifukue vyuma, maana umeme ule ukitoka upande wa pili wa bomba utalitoboa.

Nikasema asante. Nifanyeje?

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Nimefukua peke yangu, juani. Mama Marie-Rose amenipa fungu la lengalenga kwa ajili ya moyo wangu mwema. Na Gracien naye amepewa. Nimelinganisha kwa macho. La Gracien ni kubwa.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Jolie, mke wa Gracien, amejifungua mtoto wa kiume. Gracien amekuja ofisini macho mekundu kwa furaha, akasema wamempa jina la mtu aliyemsaidia bila kuombwa. Toussaint. Jina langu! Wote wakanishangilia. Nilifurahi sana, kwa muda wa karibu kikombe kizima cha chai.

Jioni nikaenda kumwona wajina wangu. Kilo nne! Nywele tele! Wamama wamejaa sebuleni, wanasema hawajawahi kuona Toussaint mzuri hivyo. Mama Generose alikuwa amempakata, akimwita injinia wake. Injinia, na hana hata jino! Nikauliza amesomea wapi. Wakacheka, wakadhani natania.

Ubatizo ni Jumapili. Nimeshaagiza suti nyeupe kutoka Bujumbura, na nitakaa benchi la mbele kabisa. Tutaona watu watamwangalia Toussaint yupi.