Oili Chafu, Boriti na Baba Mkwe

Leo nimeaibika. Tena nyumbani kwangu, chini ya kibaraza changu mwenyewe, na mashahidi wapo.

Nianze na hicho kibaraza, la sivyo hamtanielewa. Nakaa Mtoni Kijichi. Kiwanja changu kimelalia bondeni, kwa hiyo mbele ya nyumba nimejenga kibaraza cha mbao juu ya nguzo, na chini yake mtu anaweza kutambaa. Cha kwanza kilioza. Juu mbao zilikuwa safi kabisa, kumbe chini boriti zote zimekuwa laini kama mkate uliodondokea kwenye chai. Kilikatika tukiwa tunafuturu. (Watu hatukuumia. Uji ndio ulioumia.)

Tangu siku hiyo mie na maji hatuelewani. Nimeangalia video, nimesumbua mafundi. Boriti mpya nimezivalisha nailoni kwa juu, ili maji yanayopenya katikati ya mbao yasilale pale. Nimeacha nafasi upepo upite. Nimekataza mtu yeyote kupiga deki. Dada yangu Zuhura, ninayekaa naye, anafagia tu, na anafagia nikiwa nimemkodolea macho. (Anasema nina ugonjwa. Sina ugonjwa. Nina boriti.)

Leo ilibaki kazi moja: kupaka oili chafu kwenye vichwa vya boriti, pale zilipokatwa na msumeno, maana hapo ndipo mbao inapokunywa maji. Nikachukua dumu la oili gereji, nikabaki na bukta iliyochanika, nikaingia chini ya kibaraza. Oili ikaniloanisha kuanzia nywele mpaka magoti. Nilikuwa na furaha, sifichi.

Ndipo nikasikia hodi.

Sasa mjue na jambo jingine. Nimeposa. Wazee wangu walishapeleka posa kwa kina Rukia, na kwao wako kimya, wanatuchunguza. Rukia alinionya kwamba baba yake anapenda kuibuka bila taarifa, aone mtu anavyoishi. Nampenda Rukia jamani. Mzee huyo akikataa, ndiyo imekwisha.

Nikachungulia kwenye upenyo. Kanzu nyeupe pe! Baba yake Rukia. Nyuma yake shangazi yake Rukia, kajifunga ushungi kama mtu aliyekuja kazini.

"Karibuni! Shikamooni!" Zuhura akasema. "Shabani katoka kidogo."

Akakanyaga ubao kwa kisigino, juu ya kichwa changu kabisa. Paa! Maana yake: tulia hukohuko.

Nikatulia. Wakaletewa viti, wakakaa. Juu yangu.

"Mbona pananuka gereji?" shangazi akauliza.

"Jirani huyo, shangazi." (Jirani yetu anauza maandazi.)

"Na huyu kaka yako," mzee akasema, "ni mtu wa namna gani?"

"Katulia sana, baba. Hata akiwepo hujui kama yupo."

Nikamshukuru dada yangu kimoyomoyo. Sisimizi wakaanza kunipanda mguuni. Nikavumilia. Shangazi akasema amesikia mie ni bahili. Nikavumilia. Mzee akasema kwenye picha naonekana nina kichwa kikubwa. Nalo nikavumilia, maana hata mama husema.

Ikaadhiniwa Alasiri.

"Mwanangu, nipatie maji nitawadhe," mzee akasema.

Sauti ya Zuhura ikabadilika. "Twende uani, baba. Huko kuna nafasi nzuri."

"Hapahapa panatosha. Si mbao tu? Maji yatapita chini."

Yatapita chini! Mtu mzima kabisa, ana wajukuu.

Kopo likaletwa. Mzee akaanza na mikono. Maji yakanidondokea puani. Nikavumilia. Akaja usoni, nikafumba macho. Akafika miguuni, akasogea pembeni kidogo, na maji yakatiririka moja kwa moja kwenye kichwa cha boriti ambacho nilikuwa sijakipaka. Kikavu. Kitupu. Nilikiona kinavyoyanywa.

"Si hapo! Boriti itaoza!"

Kiti cha shangazi kikakwaruza mbao.

"Audhubillahi," mzee akasema taratibu. Kopo likamponyoka, na maji yote yaliyobaki yakamwagikia palepale. (Niliona. Hata katika hali ile niliona.)

"Kaka," shangazi akanong'ona, "nyumba hii ina majini."

Nikaona bora nitoke nijieleze. Hapo ndipo nilipoharibu zaidi. Nikaibuka ubavuni mwa kibaraza, nikapanda juu, natiririka oili, majani makavu yamenigandia kichwani. Shangazi akapiga yowe. Mzee akarudi nyuma, akarudi tena, mpaka ukingoni. Anaanguka! Nikaruka nikamdaka.

Nilimdaka vizuri. Hilo nalo mlikumbuke.

"Shikamoo, baba," nikasema, bado nimemkumbatia.

"Marahaba," akajibu kwa mazoea. Kisha akanitazama. "Wewe nani?"

"Shabani."

Shangazi akamgeukia Zuhura. "Ndiye huyu aliyetulia?"

Nilipomwachia mzee, viganja vyangu vyote viwili vilibaki mgongoni kwake, na shavu langu begani. Unaweza kuhesabu vidole. Kwa kanzu ile hasali mtu, na jamaa walishaanza kuelekea msikitini. Zuhura akakimbilia ndani bila kuniuliza, akatoka na kanzu mpya yenye darizi shingoni. Yangu. Ile niliyoshonesha kwa ajili ya siku ya ndoa.

Mzee akatawadha upya (uani, safari hii hakubishana), akaivaa. Ikamkaa! Mie mwenyewe haijawahi kunikaa vile. Akaenda msikitini na dada yake, na walipotoka huko wakapitiliza kwao. Hata kuniaga hakuniaga.

Nimejisugua kwa mafuta ya taa mpaka ngozi inawaka. Sasa hivi Rukia ameniandikia: "Baba kaja na kanzu mpya, hatoki kwenye kioo. Anasema Ijumaa anaivaa tena. Kuhusu wewe hajasema kitu."

Basi naomba asicheke mtu. Mie bado sijajibiwa, ila kanzu yangu ya harusi imeshakubaliwa ukweni.