Kilo Mbili Nyuma ya Pazia

"Wanafunzi wakonda kwa kuruka kamba!" Wembe alisoma kwa sauti ya mtu anayetangaza matokeo ya uchaguzi, gazeti limefunguliwa hadi linamziba uso. "Shule yetu hii hii, jamani! Imetoka gazetini!"

Benchi lilichangamka. Wembe ni kinyozi, na tangu afungue kibanda chake kando ya kijiwe cha Mama Birika, hakuna habari iliyofika pale bila kupitia mdomoni mwake, na nyingi zilifika zimeshanenepa.

"Soma yote, usituchagulie," alisema Mama Birika, akimimina kahawa bila kumwaga tone.

"Tulia basi, mama. 'Shule mbili zililinganishwa kwa miezi sita. Katika shule ya kwanza, watoto arobaini wa darasa la tano waliruka kamba kila asubuhi. Katika shule ya pili watoto walipimwa uzito tu, hawakufanyishwa kitu. Mwishoni, wastani wa uzito wa waruka kamba ulishuka kilo mbili, ilhali wa wenzao ulipanda kilo moja.' Mnasikia? Kila mtoto katoa kilo mbili!"

"Wastani," alisema Desimali bila kuinua macho.

"Si ndiyo hiyo hiyo?"

"Siyo."

Kabati alicheka, benchi likalia chini yake. Kabati ni seremala, na jina hilo alipewa kwa sababu mbili, moja ikiwa kazi yake. Ya pili unaiona akigeuka kando. Juu ya hayo yote ni mwenyekiti wa kamati ya wazazi, na siku hiyo alikuwa amevaa shati la kikao.

"Mwacheni mzee na desimali zake," alisema. "Wazo la kamba lilikuwa la nani? La kwangu! Leo saa kumi tuna kikao, na jambo napitisha. Shule nzima, darasa la kwanza hadi la saba, kila Jumatatu mstarini. Mtoto anapanda mizani, mwalimu anataja kilo kwa sauti, wote wasikie. Aibu kidogo ndiyo dawa yenyewe!"

Futi alijichoma sindano.

Futi ni fundi cherehani, na utepe wa kupimia haumtoki shingoni hata akienda harusini. Mchana huo alikuwa amepakata sketi ya shule ya binti yake, anaachia mshono wa kiunoni, vidole viwili tu. Alinyonya damu kidoleni na kuinamia kazi. Tangu jana usiku alikuwa na neno limemkaa kooni. Binti yake alikuwa amesikia fununu za hiyo Jumatatu, akamwambia baba yake, kwa utulivu uliomtisha kuliko kilio, kwamba yeye shule ndiyo basi.

"Watoto arobaini, Desimali!" Wembe alikuwa bado anapiga kelele. "Unataka ushahidi gani tena?"

"Arobaini, ila shule moja," Mama Birika alidakia. "Mimi nikiunguza buni asubuhi, vikombe arobaini vyote vichungu. Utasema umeonja kahawa arobaini? Si umeonja birika langu moja tu? Pengine mwalimu wetu ni mkali, pengine ni ule mlima wa njiani. Wangechukua shule kumi huku na kumi kule, ningesikiliza."

"Mama, wewe ungekuwa mkubwa wangu kazini," alisema Desimali.

Kazi yenyewe ilikuwa ukarani wa mizani ya malori barabara kuu, miaka thelathini. Desimali alistaafu bila kuacha tabia ya kukitilia shaka kila kinachopita mbele yake. Akanyoosha mkono.

"Wembe, hapo chini pana maandishi madogo. Waliopimwa mara ya kwanza ni arobaini. Mara ya pili?"

Wembe alilisogeza gazeti puani. "Thelathini na... watatu."

"Saba wako wapi?"

"Waliumwa," alisema Kabati. "Watoto wanaumwa, mzee. Kwani kwako hawaumwi?"

"Saba? Siku moja? Darasa moja?" Desimali alikiweka kikombe chini. "Sikilizeni. Mwaka mmoja wakubwa zetu walitangaza kwamba malori yameacha kuzidisha mzigo. Takwimu safi! Kila lori lililopanda mizani yetu lilikuwa na uzito wa halali. Tukapongezwa, tukapewa na soda. Kumbe yaliyozidisha yalikuwa yanakata kona kabla ya kutufikia, yanapita njia ya panya. Sisi tunapima wanyoofu tu, tunajisifu. Sasa naomba kujua, Mwenyekiti. Siku ya mizani mliitangaza mapema?"

"Wiki nzima! Mstarini! Ili wajiandae."

"Na ile shule ya pili?"

"Wale walishtukizwa tu. Mmoja mmoja, kwenye chumba cha muuguzi, mlango umefungwa." Kabati alikunja uso. "Hakukuwa na msisimko wowote."

"Na waliokosa huko?"

"Hakuna aliyekosa."

Futi aliitazama sketi. Akisema, ataonekana mzazi anayefundisha watoto utoro, na Kabati hatamwita tena kushona sare za shule. Asiposema, Jumatatu inakuja. Aliogopa, lakini alimkumbuka mtoto wake jana usiku, amelala ameugeuzia ukuta uso, na woga ule wa pili ukawa mkubwa zaidi.

"Walikuwa kwangu," alisema.

"Nani?"

"Hao saba. Walikuwa nyuma ya pazia langu la kujaribishia nguo, asubuhi nzima. Niliwapa vifungo wapange kwa rangi."

Kahawa ilimpalia Wembe, ikabidi Mama Birika ampige mgongoni.

"Binti yangu alikuja wa kwanza," Futi aliendelea. "Ile siku ya mizani ya mwanzo mwalimu alisoma kilo zao mbele ya shule nzima. Tangu siku hiyo wanamwita Tani. Hana jina lingine. Hali chakula mbele za watu. Siku ya pili ilipofika akaniomba nimfiche, nikamficha. Wenzake wakamfuata. Ningefanyaje? Ningewafukuza?"

"Futi!" Kabati alisimama. "Umetuharibia utafiti!"

"Mwenyekiti kanyanyuka!" Wembe alipiga makofi. "Wastani wa benchi umeshuka kilo kumi na tano! Jamani, tumekonda, na hakuna aliyetoa jasho!"

"Ndiyo hasa," alisema Desimali, akachomoa penseli ya useremala sikioni mwa Kabati na kuandika pembeni mwa gazeti. "Futi, hao saba walikuwa na kilo ngapi?"

"Shule nzima inajua, si zilitangazwa? Hamsini na nne, hamsini na tano, hamsini na tatu. Hapo hapo."

"Tuseme hamsini na nne. Wastani wa mwanzo, hapa gazetini, arobaini. Ukiwatoa saba wazito, waliobaki thelathini na watatu walianza na wastani wa... thelathini na saba. Walimaliza na ngapi, Wembe?"

"Thelathini na nane."

"Basi hawakupungua. Wameongezeka kilo moja, kama watoto wanaokua. Sawasawa na shule ya pili, ambako hawakuruka hata kamba ya kiatu. Zile kilo mbili za Mwenyekiti zilikuwa nyuma ya pazia, zinapanga vifungo."

"Futi, pazia hilo unauza mita ngapi?" aliuliza Wembe. "Nina shemeji anataka kukonda."

Watu walicheka, Futi naye akacheka huku anafuta macho kwa ncha ya utepe. Kabati hakucheka. Alibaki amesimama, penseli yake ikiwa mkononi mwa mtu mwingine.

"Bado aibu ni dawa," alisema, ila kwa sauti ya chini.

"Eee," alisema Mama Birika. Aliweka birika chini, jambo ambalo hulifanya kwa nadra. "Pale mbele, kwa muuza nafaka, pana mizani ya magunia. Ni njia yako hiyo hiyo ya kwenda karakana. Twende sote. Wewe panda wa kwanza, baba, na kilo natangaza mimi. Sauti unaijua."

"Mimi nina kikao."

"Kikao saa kumi. Sasa hivi saa nane."

Kabati alitazama barabarani. Muuza nafaka alikuwa amekaa mlangoni kando ya mizani yake, wateja wanne wamemzunguka. Halafu akatazama uchochoro kati ya kibanda cha Wembe na ukuta wa jirani, ambao hata mbuzi huufikiria mara mbili. Akakohoa, akaaga, akajipenyeza humo kiubavu na shati lake la kikao, vifungo vinakwaruza ukuta.

"Njia ya panya," alinong'ona Desimali.

Kabati alipofika katikati, sauti yake ilirudi, ya mtu aliyebanwa kifua. "Futi!"

"Naam, Mwenyekiti!"

"Mwambie binti Jumatatu aje shule. Mizani itakaa ofisini, mlango umefungwa, na hakuna kutaja. Wale saba wapimwe huko huko, hesabu irudiwe." Vifungo vikakwaruza tena. "Na mwambie mimi darasa la tano waliniita Trekta."

Futi alikata uzi kwa meno, akaikunja sketi vizuri na kuiweka mapajani.

Wembe alisubiri hadi vishindo vya Kabati vikapotea. Ndipo akanyanyua gazeti, akajiziba uso.

"Wazee wakonda kwa kukaa benchi!"